Kuongeza resolusheni kwenye tomografia ya holografia: uzungushe mwanga, uzungushe seli, au uachie algoriti?

Mtu akikwambia anataka kuongeza resolusheni, yaani uwezo wa kutenganisha vitu vidogo vilivyokaribiana, kwenye tomografia ya holografia, muulize kwanza ya upande gani. Manake hapa kuna resolusheni mbili tofauti kabisa, ile ya pembeni, yaani x na y, na ile ya kina, yaani z kwenda chini ndani ya seli, na wengi wanaolalamika kwamba picha zao za 3D hazieleweki shida yao iko kwenye z ila hela na nguvu zote zinaenda kwenye x na y. Sasa hapa nalinganisha njia zilizopo ili ujue ipi inakufaa, na mimi upande wangu nitausema wazi.

Kwa ambaye ndo anaingia, mambo yako hivi. Sampuli haipakwi rangi wala haiwekewi kitu cha kung'aa. Unapitisha leza kwenye seli, mwanga uliopita unaukutanisha na mwingine ambao haukugusa sampuli, ile mistari inayotokea pale kamera inapodaka ndo hologramu, wazo la Dennis Gabor la mwaka 1948 ambalo lilimpa Nobel 1971. Kwenye hologramu unatoa fezi, yaani mwanga umecheleweshwa kiasi gani. Ukichukua hologramu nyingi kutoka pembe tofauti halafu ukaziunganisha kwa hesabu iliyotokana na kazi ya Emil Wolf ya 1969, unapata ramani ya 3D ya jinsi kila sehemu ya seli inavyopinda mwanga. Kipimo hicho kwa maji ni 1.33, saitoplazimu iko kama 1.36 mpaka 1.38, matone ya mafuta yanapanda mpaka kwenye 1.46 hivi. Inafanana na CT scan ya hospitali, tofauti ni kwamba X-ray inapita karibu moja kwa moja ila mwanga wa kawaida ukigusa vitu vidogo namna hii unatawanyika, kwahiyo kila hologramu inakupa kipande kilichopinda cha uso wa tufe kwenye nafasi ya frikwensi (yaani picha ikielezwa kwa mawimbi yake, mapana kwa vitu vikubwa na membamba kwa vitu vidogo), tufe la Ewald wanaliita. Resolusheni yako ni swali moja tu, hivyo vipande vyako vimefika umbali gani na vimeacha mashimo wapi. Shika hilo tu, mengine yote yanatoka hapo.

Kuzungusha mwanga, sampuli imetulia

Hii ndo njia iliyoenea kuliko zote, na vifaa vingi vinavyouzwa viko hivi. Seli imelala kwenye kioo, haiguswi, mwanga ndo unabadilishwa pembe kwa vioo vya galvo au kwa ile chipu yenye vioo vidogo vidogo maelfu kwa maelfu. Kundi la MIT walionesha hii kwenye seli hai mwaka 2007, na kabla yao Vincent Lauer alishaiweka vizuri kinadharia na kwa kifaa mwaka 2002.

Faida yake kubwa ni resolusheni ya pembeni. Kama kondensa, yaani lenzi inayoleta mwanga, na objektivu, yaani lenzi inayoudaka, zina NA sawa, NA ikiwa ni namba ya upana wa pembe ambazo lenzi inaweza kupitisha, unapata urefu wa wimbi kugawa kwa mara mbili ya NA. Tupige hesabu na leza ya kijani ya nanomita 532 na lenzi ya maji ya NA 1.2, inakuja nanomita 222. Nzuri sana. Sasa njoo kwenye kina, kwa lenzi ileile na leza ileile inatoka kama nanomita 703. Yaani z ni mbaya mara tatu na zaidi. Ukishuka kwenye lenzi ya NA 0.8 sampuli ikiwa kwenye maji, pembeni unapata 332 ila kina kinakimbia mpaka karibu nanomita 2000, mara sita! Watu wengi hawajawahi kukaa wakapiga hii hesabu, wanaona picha ya x na y inapendeza wanadhani na z iko hivohivo.

Afu tatizo haliishii kwenye namba. Kuna koni nzima ya frikwensi, juu na chini kwenye mhimili wa z, ambayo haipimwi kabisa hata ufanyeje, hiyo ndo koni iliyokosekana. Matokeo yake seli inaonekana imevutwa kwenda juu kuliko ilivyo, kipimo cha kupinda mwanga kinasomeka chini ya ukweli, na tabaka jembamba lililolala sambamba na kioo linaweza kupotea lote kwa sababu frikwensi zake zinaangukia mulemule ndani ya koni. Kama kazi yako ni kupima ujazo wa kiini au uzito mkavu wa seli, yaani uzito wake bila maji, na hujafanya lolote kuhusu koni, namba zako zina upotofu, na ni upotofu wa upande mmoja, kwahiyo kurudia kipimo mara mia hakukuokoi.

Hapa ndo watu wanasema basi niongeze idadi ya pembe. Hapana. Mipaka ya nje ya vile vipande inawekwa na pembe kali kuliko zote ambayo lenzi inaruhusu, ukiongeza pembe za katikati unajaza mapengo madogo na unapunguza chenga za leza, hicho ni kitu kizuri na nakiunga mkono, ila resolusheni ya mwisho haisogei. Na kila pembe ya ziada ni muda, na kwenye seli hai chembechembe za ndani hazikusubiri, zikisogea nanomita mia tatu wakati wewe bado unapiga hologramu zako basi ile 222 imebaki kwenye karatasi.

Wengine wanabadilisha leza. Ukitoka 532 kwenda 405 pembeni inashuka mpaka kama 169 na kina kinakuja kama 535. Zote zimeboreka, ni kweli, lakini angalia uwiano, bado ni ileile mara tatu na kitu. Leza fupi inapunguza kila kitu kwa kiasi sawa, umbo la tatizo linabaki vilevile, na juu yake mwanga wa zambarau unaiumiza seli haraka kuliko wa kijani. NA ndo inabadilisha uwiano. Kwahiyo kama una bajeti ya kitu kimoja tu kwenye hii njia, weka kwenye NA, na usisahau NA ya upande wa mwanga, manake objektivu ya 1.2 ukiiwekea mwanga wa NA 0.6 unaishia 296 badala ya 222. Hapa ndo wanaotumia sahani ya petri iliyo wazi wanapoumia, mwanga ukishukia kutoka hewani NA yake haiwezi kufika 1, na kiuhalisia unaishia chini zaidi ya hapo.

Na lenzi ya mafuta ya NA 1.4? Kwa seli iliyo kwenye maji ile sehemu ya juu ya 1.33 haikusaidii ukishaachana na kioo, na kadri unavyoingia kina ndo picha inavyozidi kuharibika kwa sababu mafuta na maji havifanani. Kwa seli hai mimi nachagua lenzi ya maji kila siku.

Kuzungusha seli, mwanga umetulia

Hapa unageuza meza. Mwanga unatoka sehemu moja, seli ndo inazungushwa digrii 180 au 360. Chuo cha EPFL kule Uswisi walifanya hivi mwaka 2006, sampuli ikiwa kwenye mrija mwembamba wa kioo unaozunguka. Siku hizi kuna wanaotumia kibano cha leza kuishika seli ikielea na kuigeuza bila kuigusa, kundi la Tel Aviv walionesha hiyo 2015, na Italia 2017 wakaonesha kuziacha seli zibingirike zenyewe kwenye kijia kidogo cha maji huku kamera inazipiga zikipita.

Faida yake inaeleweka mara moja, kina kinapata haki sawa na pembeni. Ile koni kubwa inakufa, linabaki shimo dogo tu kandokando ya mhimili wa mzunguko. Seli ya duara inaonekana ya duara.

Gharama yake inasemwa kwa sauti ndogo sana na mimi nataka niiseme kwa sauti kubwa. Pembeni unapoteza. Mwanga ukiwa na pembe moja tu frikwensi za pembeni zinaishia kwenye NA moja badala ya NA mbili. Ukichukua lenzi ileile ya 1.2 na leza ileile ya 532, ukijumlisha na mchango wa kina unapata kama nanomita 375 kwa pande zote zinazozunguka mhimili. Linganisha na 222 kwa 703 ya njia ya kwanza. Hakuna aliyeshinda moja kwa moja, mmoja ana x na y nzuri, mwingine ana usawa. Na hiyo 375 ni ukiweza kuweka lenzi ya NA 1.2 karibu na sampuli inayozunguka, lenzi hizo zinataka ziwe karibu kabisa na sampuli, kama robo milimita hivi, na mrija wako na kuta zake vinakula hiyo nafasi. Wengi wanashuka kwenye NA 0.8, na hapo inakuwa kama 630.

Kuna na suala la kujua pembe. Galvo ukiiambia nenda digrii 40 inaenda digrii 40. Seli inayobingirika kwenye maji hakuna anayeiambia kitu, pembe yake inabidi uikisie kutoka kwenye picha zenyewe, mhimili unayumba, seli laini inabadilika umbo ikishikwa, na kila kosa dogo la pembe linakuwa ukungu kwenye picha ya mwisho. Ndo maana nasema hii njia ni ya seli zinazoelea kwa asili yake, seli za damu, hamira, chavua, vitu vya namna hiyo. Seli inayoishi imejishikiza kwenye kioo ukiing'oa ili uizungushe umeshabadilisha kile ulichotaka kukipima, imejikunja imekuwa mpira, sasa unapima nini hapo.

Kuunganisha zote mbili

Kwa upande wa fizikia hii ndo inashinda na sioni ubishi wowote. Unazungusha mwanga, halafu unageuza seli kwa pembe chache, unazungusha mwanga tena, vipande vya kila mzunguko vinaziba koni ya mwenzake. Unabaki na resolusheni ya pembeni ya NA mbili, na kina kinafikia karibu kiwango hichohicho. Timu ya Mulhouse, Ufaransa, walichapisha hii 2017, na mwaka 2018 kundi la Chau-Jern Cheng kule National Taiwan Normal University wakaionesha kwa seli hai moja inayoelea. Kuna na njia ya binamu, kuweka sampuli juu ya kioo cha kuakisi ili upate mwanga wa kwenda na wa kurudi kwa pamoja, hiyo ilipendekezwa 2010 kutoka Marseille.

Kinachozuia ni utekelezaji. Unahitaji mifumo miwili ifanye kazi kwa pamoja, data inakuwa nyingi, kuunganisha seti tofauti za pembe bila kuteleza ni kazi ngumu kweli, na muda wa kupiga unaongezeka kwahiyo seli yenye haraka haikufai. Kama maabara yako ina mtu wa optiki ambaye hayo ndo maisha yake, nenda huku. Kama wewe ni mtu wa baiolojia unayetaka majibu, usianze hapa.

Kuacha kifaa kilivyo, kubadilisha hesabu

Hapa ndo wengi wataishia kwa sababu ni programu tu, na hapa ndo panahitaji uangalifu kuliko kote.

Ngazi ya kwanza kabisa ni kuchagua kati ya Born na Rytov, njia mbili za kurahisisha hesabu ya mwanga unavyotawanyika. Born inataka ucheleweshaji wa fezi uwe mdogo, chini ya pai. Chukua seli ya unene wa mikromita 10 inayozidi maji kwa 0.04, kwa 532 inakuja kama radiani 4.7, tayari umepita. Rytov haijali jumla, inajali fezi inabadilika kwa kasi gani kutoka sehemu hadi sehemu, kwahiyo kwa seli nzima tumia Rytov. Kama programu yako inatumia Born kwa seli nene, kuibadilisha hiyo tu kunakusaidia kuliko lenzi mpya, na ni bure.

Ngazi ya pili ni kujaza koni. Ya zamani na rahisi ni ile ya Gerchberg na Papoulis ya miaka ya 1970, unaenda na kurudi kati ya picha na frikwensi, kila ukirudi kwenye picha unafuta sehemu zote zilizosomeka chini ya ile 1.33 ya maji kwa kuwa seli haiwezi kupinda mwanga kidogo kuliko maji, na ukirudi kwenye frikwensi unarudisha data uliyopima kweli. Inafanya kazi vizuri, inapunguza ule mvuto wa z, haina mambo mengi ya kurekebisha. Ila sharti lake liwe kweli kwenye sampuli yako. Bakteria wenye vifuko vya gesi ndani, au seli iliyowekwa kwenye kimiminika kinachopinda mwanga kuliko baadhi ya sehemu zake, hapo sharti linasema uongo na picha inafuata uongo huo.

Halafu kuna total variation, TV wanaiita, inapenda picha yenye maeneo tulivu na kingo kali. Kwa kiini chenye mpaka wazi, kwa shanga ndogondogo za majaribio, kwa matone ya mafuta, inatoa picha safi sana. Kwa saitoplazimu yenye chembechembe inalainisha kila kitu, ukikaza ule mzani wake sana unapata seli yenye viraka kama ramani. Watu wa Warsaw University of Technology kule Poland wamefanya kazi nzuri hapa ya kuichanganya na sharti la umbo la nje la seli.

Ngazi ya tatu ni ya sampuli nene ambapo mwanga unatawanyika mara mbili mara tatu kabla haujatoka. Hapo Born na Rytov zote zinakwama na huna budi kwenda kwenye hesabu ya tabaka kwa tabaka, mwanga unasukumwa kupitia kila tabaka kwenye kompyuta, unalinganisha na ulichopima, unarekebisha, unarudia. EPFL walionesha hii 2015, na Berkeley 2019 wakafika kwenye mnyoo C. elegans mzima, tena kwa picha za mwangaza tu bila hologramu. Inakula GPU, ile chipu ya kompyuta ya hesabu nzito, na muda. Kwa seli moja ya mikromita 10 ni mzigo ambao mara nyingi huuhitaji, kwa kiinitete au kifundo cha seli nyingi sidhani kama kuna mbadala wa maana.

Na mitandao ya nyuroni. Ni ya haraka, ukishaifundisha inajaza koni kwa sekunde, na picha zake zinapendeza mno, hapohapo ndo wasiwasi wangu unapoanzia. Mtandao unajaza sehemu ambayo haikupimwa kwa kitu kilichofanana na ulivyofundishwa. Ukifundishwa kwa seli zenye afya ukapewa seli mgonjwa, unaweza kukurudishia seli yenye afya, na hakuna chenga wala ukungu wa kukuonya. Kwa kuhesabu seli, kukata mipaka, kupanga makundi, itumie bila shida. Kwa kusema nimeona kitu kipya ndani ya seli ambacho hakijawahi kuonekana, mimi siikubali mpaka kionekane pia kwenye picha iliyotengenezwa kwa sharti rahisi.

Hii ndo tofauti ninayotaka uibebe unapochagua. Lenzi, pembe, mzunguko, hivi vinaleta frikwensi zilizopimwa. Algoriti inaleta frikwensi zilizokisiwa kwa masharti. Zote mbili zinaitwa resolusheni kwenye matangazo. Na usitegemee ujanja wa hadubini za kung'aa zinazovuka mpaka kwa kuwasha na kuzima molekuli, huku hakuna molekuli ya kuzima, mwanga unatawanywa tu na kila kilichopo.

Nani achukue nini

Seli zilizojishikiza kwenye kioo, hai, unazifuatilia kwa saa nyingi: zungusha mwanga, NA kubwa pande zote mbili, Rytov, Gerchberg-Papoulis, basi. Usiongeze kitu mpaka uthibitishe hivyo havitoshi.

Seli zinazoelea na unajali umbo na ujazo kuliko vitu vidogo vya ndani: zungusha seli. Ukiwa na maelfu ya kupitisha, ile ya kubingirika kwenye maji.

Seli moja moja, unataka ukweli wa mwisho wa muundo wa ndani pande zote: unganisha zote mbili na uwe na mtu wa optiki.

Nene kuliko mikromita 30 au 40: anza na algoriti ya tabaka kwa tabaka, kifaa baadaye.

Kabla hujalipa, mambo mawili kuhusu namba. Utakuta kifaa kimeandikwa nanomita 110 pembeni na 350 hivi kwenye kina, kwa lenzi na leza zilezile ambazo mimi nimekuandikia 222 na 703. Hakuna aliyedanganya, mmoja anahesabu wimbi zima mwingine nusu yake. Muulize muuzaji anahesabu vipi, na uwiano wa z kwa x ni ngapi, huo hauchezewi na ufafanuzi. La pili, omba uone shanga ya duara ya ukubwa unaojulikana, ikatwe kwa x-z, siyo x-y. Iwe ndani ya kimiminika kinachokaribiana nayo kwa kupinda mwanga, manake shanga ya plastiki ya 1.59 ndani ya maji ya 1.33 ni tofauti kubwa sana na itaivuruga hesabu yenyewe kabla hujaanza kupima kifaa. Bora zaidi, kama unaweza kupata, ni seli bandia iliyochapishwa kwa 3D ambayo ndani yake kila kitu kinajulikana vipimo, watu wa Warsaw walichapisha ya namna hiyo 2019. Na mwambie akuoneshe picha kabla ya algoriti na baada ya algoriti, zikiwa pembeni kwa pembeni, kwa mizani ileile ya rangi.